Kikombe cha Kuonjea

Siku ya kumi na mbili mfululizo maziwa ya Weris yalirudi nyumbani yakiwa yamejaa dumu. Hayakuwa yamechacha, hayakuwa yametiwa maji, wala bei yake haikuwa juu. Aliyapokea alfajiri kwenye gari lilelile linalotoka upande wa Habaswein, ya ngamia walewale, yenye harufu ileile ya moshi wa kufukizia madumu. Ilipofika saa nne asubuhi, wenzake walikuwa wanakunja magunia yao waende nyumbani, naye alikuwa hajauza hata lita moja.

Sokoni kwetu Garissa maziwa ya ngamia hayauzwi kwa maneno matamu. Muuzaji humimina kidogo kwenye kikombe chake, hunywa funda moja mbele ya mteja, kisha humpa mteja kikombe hichohicho naye aonje. Ukikataa kuonja umemtukana, na ukimtukana mwanamke wa maziwa, shauri yako. Kikombe cha Weris kilikuwa cha bati, rangi ya buluu, kimebonyea ubavuni, na kwa miaka kumi na tisa nusu ya mji ilikuwa imekitia mdomoni. Sasa alipomimina, akanywa, akakinyoosha, watu walirudisha mikono nyuma. Mmoja alisema amefunga, na sambusa iko mkononi. Jamani, hata uongo una adabu yake.

Walichokiogopa hakuna aliyekitamka mbele yake. Nyuma yake walikiita kwa jina lake la Kisomali, qaaxo, yaani TB, na walilisema wakiwa wamefunika midomo kwa shungi. Kwetu mtu wa qaaxo hafukuzwi, la. Anatengewa kikombe, sahani na mkeka, kisha watu wanakuwa na shughuli nyingi siku ambazo wangekuja kumtazama. Weris alikuwa ameonekana kwenye benchi la kliniki ya TB. Benchi lenyewe wameliweka nje, linatazama barabara, sijui ni akili ya nani.

Bishara alimjia wakati anafunga dumu. Huyu ndiye kiongozi wa wanawake wa maziwa, na ndiye jirani yake wa kushoto sokoni tangu siku ya kwanza. Walilea watoto wao juu ya gunia moja. Siku hiyo Bishara hakukaa. Aliuliza kikohozi kinaendeleaje, akamtaja Mungu mara mbili tatu, kisha akasema kwamba kina mama wamezungumza. Maziwa yao ya jioni huenda Nairobi kwa basi, na wateja wa huko wakisikia maneno haya watayamwaga ya wote, sio ya mtu mmoja. Ingekuwa vyema apumzike kidogo.

"Nikipumzika, mahali pangu patabaki pangu?" Weris aliuliza.

Bishara alilitazama dumu. "Ukipona, abaayo," akasema, na hilo neno la dada lilimtoka kwa shida.

Kesho yake gunia la mwanamke mwingine lilikuwa limetandikwa pale.

*

Wiki hiyohiyo pumzi ilianza tena kumwisha. Akitoka chooni mpaka mlangoni alikuwa anasimama mara mbili, na usiku alilala ameketi, ameegemea ukuta. Binti yake Naimo, ambaye alikuwa ameacha chuo cha ualimu muhula huo ili amuuguze, alimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye akiwa nyuma amemshika mama asianguke.

Daktari aliyewapokea aliitwa Abdiwali, kijana wa Eldas, mwenye macho ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu. Alikuwa anajua Kisomali kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafsiri kitu. Alimketisha Weris akiwa ameinamia meza yenye mto, akamfunua mgongo, akamchoma sindano ya ganzi kati ya mbavu, kisha akayavuta maji yaliyokuwa yamejaa kati ya pafu na ubavu. Miezi miwili iliyopita maji hayo yalikuwa ya manjano, mfano wa chai ya rangi isiyokolea. Leo yalitoka yana wekundu. Naimo aliyaona, akatazama dirishani.

"Eddo," daktari alisema, akimwita shangazi kama anavyomwita kila mwanamke wa rika la mamake, "vidonge vya TB umemeza miezi miwili?"

"Kila siku. Huyu hapa alikuwa ananihesabia."

"Na maji yamerudi."

"Yamerudi."

Daktari alivuta kiti. Akaeleza, bila haraka, ingawa nje watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Alisema upande huu wa nchi, kifua cha mtu kikijaa maji, wao huanza na TB kwa sababu mara nyingi ndiyo. Hata makohozi yasipoonyesha kitu, wanatoa dawa, na wengi wanapona. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia dawa hizo. Lakini maji ya TB yakishatibiwa miezi miwili hayatakiwi kurudi hivi, tena na damu. Ikabidi sasa wayahoji maji yenyewe.

"Wewe ni binti wa wafugaji. Ngamia akipotea, unatafuta nini kwanza?"

"Nyayo."

"Basi. Saratani ikikaa kifuani huacha nyayo zake kwenye haya maji. Ziko maabara Nairobi zinazozipima. Zikionekana chache, siwezi kuapa kwamba haipo. Lakini zikiwa nyingi kupita kiasi, ipo, na tutajua pa kuitafuta. TB nayo ina alama zake, wataitazama hapohapo."

Weris alikuwa ameinamisha kichwa kwa uchovu. Alikiinua. "Kwa hiyo huenda si TB?"

Uso wake ulikuwa umepata nuru, na daktari akaiona ile nuru, ikamchosha kuliko kazi yote ya siku ile. Alikuwa amezaliwa Eldas, alijua inatoka wapi.

"Eddo, nisikilize vizuri. Mimi nikiswali naomba iwe TB. TB naiweza. Dawa ni bure, miezi sita, mtu anarudi kazini kwake. Hiyo nyingine siiwezi namna hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Na hata hiyo TB, ikikaa kwenye maji peke yake na makohozi ni safi kama yako, haimwendei mtu kwa kikombe. Nani amekutengea kikombe?"

Weris alijifunika mgongo. Naimo ndiye aliyeona haya, maana ni yeye, kwa amri ya baba yake, aliyekuwa anakiosha kando kwa maji ya moto na jivu, na kukiweka peke yake juu ya dirisha.

*

Gari la hospitali la kupeleka vipimo Nairobi lilikuwa limeondoka jana yake, na lingine lingeondoka baada ya siku sita. Daktari alisema hapendi kungoja. Kama wangepata barafu na basi la jioni, maabara ingetuma mtu akaichukue chupa kituoni. Kipimo chenyewe kililipwa kwa mbuzi wawili wa mwisho waliokuwa wanalishwa kwa ndugu, tuyaache hayo.

Barafu na basi la jioni! Naimo alifurahi, masikini. Mama yake alikuwa amechangia miaka kumi na tisa kununua barafu ya kikundi. Alitembea mpaka sokoni na ile chupa, ndogo kama ya dawa ya macho ya ng'ombe, imefungwa ndani ya mifuko mitatu na karatasi ya daktari juu yake. Akamkuta Bishara anapanga madumu ndani ya sanduku kubwa la baridi. Akamweleza. Alisema chupa imefungwa, haiwezi kuvuja, na hata yeye Bishara asiiguse, ataiweka mwenyewe pembeni kabisa.

Bishara alisikiliza mpaka mwisho. Wanawake wengine waliacha kupanga.

"Maji ya kifua cha mgonjwa," alisema polepole, "pamoja na maziwa ya watu?"

"Habaryar," akasema, akimwita mama mdogo, "ni ya mama yangu. Ni Weris."

"Najua ni ya nani." Alifunika sanduku kwa kifuniko chake. Hakulifunika kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Naimo zaidi. "Mimi nina wanawake ishirini na sita hapa na kila mmoja ana watoto. Usinilazimishe niseme mbele za watu, mwanangu."

Naimo alirudi nyumbani, akachukua chupa ya chai ya familia, akamwaga chai iliyokuwemo, akainunulia barafu ya shilingi hamsini kwenye duka la soda, akaisukumia ile chupa ndogo katikati. Kwenye ofisi ya basi karani aliuliza kuna nini ndani. Akajibu ni maji. Maji gani yanayopelekwa Nairobi, Nairobi hakuna maji? Naimo alimwonyesha karatasi ya daktari. Karani aliisoma, akaisukuma nyuma kwa ncha ya kalamu, akamwambia aiweke mwenyewe kule chini kwenye mizigo.

Wiki hiyo walinywa chai ya kuchemsha kila mara, na Kerrow, baba wa nyumba, alinung'unika mara moja tu.

*

Kerrow hakuwa mtu mbaya, nisije nikadhaniwa kwamba nimemsema vibaya. Alikuwa amezunguka na malori ya mifugo mpaka mgongo ukamkataa, sasa alikuwa anakaa kwenye hoteli ya chai na wenzake kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Tangu habari za qaaxo, alikuwa amehamishia mkeka wake chumba cha mbele. Kwenye hoteli pia nafasi ilikuwa imepatikana kwenye benchi lake, nafasi ya kutosha watu wawili kila upande.

Siku ya tatu ya kungoja, aliwaambia wenzake kwamba wamepeleka vipimo Nairobi. Madaktari wakubwa wanashuku si TB. Huenda ni kansa.

"Alhamdulillahi," mmoja akasema, kisha akajishika mdomo. "Astaghfirullahi. Mungu amponye."

Walimsogelea. Mmoja alimwagizia chai. Kerrow alikunywa ile chai akajiona mwanamume kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwisho, na alipofika nyumbani alikaa karibu na mlango wa chumba cha Weris, akamsimulia. Sio ndani, mlangoni.

Naimo alisikia yote. Baadaye alimkuta mama yake amemaliza kuswali akiwa ameketi kwenye kiti, mikono bado iko wazi mapajani, midomo inatembea. Akasimama mpaka akasikia.

"Hooyo, unaomba nini?"

"Mtu haulizwi anachomwomba Mola wake."

"Unaomba isiwe TB."

Weris alifunga mikono. Kila sentensi sasa alikuwa anaikata vipande viwili ili apumue. "Naomba nirudi mahali pangu. Basi."

"Hata kama ni kufa? Daktari alikwambia. Nilikuwepo, alikwambia kwa Kisomali!"

"Kufa tunakufa wote, binti yangu. Wewe utakufa, Bishara atakufa. Lakini kunyoosha kikombe…" Akapumua. "Kunyoosha kikombe mkono ukabaki hewani, hilo nimelipata mimi peke yangu. Wewe hujanyoosha. Hujui."

Naimo alitaka kugombana. Alikuwa na maneno mengi ya chuoni, kuhusu vijidudu na hewa na madirisha. Kisha akakiona kile kikombe cha buluu juu ya dirisha, mahali alipokiweka kwa mikono yake, akatoka nje kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

*

Majibu yalikuja siku ya saba. Daktari Abdiwali alikuwa ameyachapisha karatasi mbili, akazilaza mezani, na hakuzishika tena.

Alisema alama za TB ziko chini kabisa. Nyayo zile nyingine ziko nyingi. Mbili kati ya hizo zimepita kiwango mara thelathini na zaidi. Nyayo zinaweza kumpoteza mtu, akakiri, kwa hiyo alikuwa ameomba pia wayatazame maji kwa hadubini, na seli zenyewe zimeonekana. Saratani ya mapafu, iliyoshuka mpaka kwenye utando wa kifua. Dawa za TB aziache kuanzia leo, hazina kazi tena, zitamchosha ini bure. Wiki ijayo amwone daktari wa saratani. Kuna dawa za kuipunguza mwendo. Maji yakijaa watakuwa wanayatoa, wataweka hata mpira mdogo ili asichomwe kila mara.

"Kuipunguza mwendo," Weris alirudia.

"Ndiyo, eddo."

"Sio kuiondoa."

Daktari alisugua macho. "Sio kuiondoa."

Weris alizitazama zile karatasi mbili. Naimo alikuwa analia bila sauti, ameuma ncha ya mtandio. Kisha mama akauliza, kwa upole, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: kama ingekuwa TB, saa hizi angekuwa amefika wapi?

"Miezi miwili? Ungekuwa umebakisha minne," daktari alisema. Alijuta kulisema, na alikuja kujuta tena akiwa amelala kitandani kwake siku nyingi baadaye. "Ungekuwa unanenepa."

Weris alitikisa kichwa mara kadhaa. Akajifunga shungi vizuri. Alipofika mlangoni aligeuka, akamshukuru daktari kwa kumwita eddo.

*

Kerrow ndiye aliyeeneza. Alikuwa amewangoja nje ya hospitali, akapita hoteli kabla hata ya kufika nyumbani, na kufikia alasiri bula nzima, yaani mtaa wote, ilikuwa inajua: si TB, haikuwa TB hata siku moja, madaktari walikosea. Walionyosheana vidole waliombana msamaha. Na saa kumi wanawake wa maziwa waliingia uani, kumi na wanane kwa hesabu ya Naimo, na buibui zao zina harufu ya moshi wa madumu. Kabla yao, kwa wiki tatu, uani humo alikuwa ameingia mtu wa kusoma mita ya maji peke yake.

Walileta sukari, majani ya chai, mchele, na dumu la lita tano la maziwa ya asubuhi hiyo. Walimtoa Weris nje, wakamwekea mito, wakakaa kumzunguka, magoti yakigusana na yake. Mmoja alimkanda miguu. Mwingine, Lul, ambaye ndiye aliyekuwa ametandika gunia lake mahali pa Weris, alisema ameshaliondoa, mahali pako pako, hata kesho, na akalia kweli. Sisemi walikuwa wanafiki. Walikuwa wamemkosa. Watu wanaweza kukukosa wiki nzima na zaidi na nyumba yako iko hatua mia mbili.

Bishara hakulia. Alitazama huku na huku, akakiona kikombe juu ya dirisha, akaenda kukichukua mwenyewe. Alifungua dumu, akamimina mpaka nusu, akakiweka mikononi mwa Weris kwa mikono miwili.

"Onja," alisema. "Halafu unipe."

Wanawake wote waligeuka. Weris alikunywa funda moja. Maziwa yalikuwa matamu, ya ngamia aliyekula majani mabichi. Alikinyoosha kikombe, na mkono haukubaki hewani. Bishara alikipokea, akaweka mdomo palepale Weris alipoweka wake, akanywa mpaka chini, akajipangusa kwa kiganja watu wote waone. Kikajazwa tena. Alikunywa Lul. Wakanywa wengine, mmoja mmoja. Mwishowe Kerrow alikuja kutoka chumba cha mbele, akakiomba naye, akanywa akiwa amesimama mbele ya mke wake, na macho yake yalikuwa mekundu.

Hii ndiyo siku Weris aliyokuwa ameiomba katika kila sijda. Ilikuja yote, haikupungua kitu. Alikaa katikati yake akiwatazama wanavyokunywa, na kila aliyekunywa bila kusita alikuwa anamwambia jambo lilelile ambalo daktari alimwambia, kwamba si TB na hatapona, mara kumi na tisa, na kwa uwazi zaidi.

"Naimo," akaita. "Niletee vidonge vyangu."

Naimo alidhani hakusikia vizuri. "Vipi, Hooyo?"

"Vya TB. Viko kwenye kopo la unga."

"Daktari alisema tuviache."

"Lete."

Naimo alileta. Tangu siku ya kwanza Weris alikuwa amevimeza kwa kujificha, mlango umefungwa, na pakiti anaizika ndani ya unga. Sasa alipasua karatasi ya vidonge mbele ya wanawake wote, akavihesabu kiganjani, vitatu, vyekundu. Akachukua kikombe kutoka kwa mume wake. Akavimeza kwa maziwa, kimoja kimoja, akipumzika katikati, kisha akakijaza kikombe, akakinyoosha kwa Bishara.

"Mimi nina TB," alisema. "Nimesema mbele yenu. Anayeogopa aondoke."

Alingoja. Alimtazama Bishara, akamtazama Lul, akawatazama wengine wote, mmoja baada ya mwingine, kwa macho ya mtu anayeomba hata mmoja tu aogope. Kikombe hakukishusha.

Bishara alikipokea kikombe, akanywa. Hakuna aliyeondoka.